GARI LA HARAKA NA FEDHA ZA UVUNGUNI
Funzo tulilolipata Utemini, Singida

Ndugu Wanachama,

Twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu huja kutuuliza ofisini kila msimu wa karafuu unapofika. Mwanachama akishapima karafuu zake kwenye kituo cha ZSTC na kupokea fedha zake, swali lake la kwanza huwa hili: "Katibu, nataka kununua gari. Nifanyeje nisidanganywe?" La pili hulisema kwa sauti ya chini, baada ya kutazama mlangoni: "Na fedha hizi nizilaze wapi?" Zamani tuliyajibu maswali haya mbali mbali. Tangu tuliporudi safari yetu ya Utemini tumeona kuwa ni swali moja, na jibu lake ni moja.

Utemini ni kata katika mji wa Singida, huko bara, mwendo wa kiasi cha kilomita 700 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro na Dodoma. Jina lake lakumbusha utemi, yaani utawala wa machifu wa zamani. Huenda mtu akauliza, karafuu na Singida wapi na wapi? Ni kweli, huko hakuna mikarafuu. Kuna alizeti, vitunguu, mtama na kuku wenye sifa. Kuna majabali makubwa, na maziwa mawili karibu na mji, Singidani na Kindai. Lakini watu wa visiwani wako. Ndugu zetu wametawanyika bara yote kwa biashara ya maduka, na mmoja wao ni mwanachama wetu, mwenye duka Singida na fungu katika shamba la mikarafuu aliloachiwa na marehemu baba yake, yeye na dada yake aliyeko Wete.

Ndugu huyu alitualika arusi ya binti yake, nasi tukakaa kwake siku nne. Usiku wa pili, baada ya sala ya isha, alituhadithia mambo yaliyomfika, akatutaka tuyaandike, ila jina lake tulisitiri. "Bwana Katibu," alisema, "ada ya somo hili nimekwisha kuilipa mimi. Wenzangu na wasome bure."

YALIYOMFIKA

Mwaka mmoja shamba lilizaa vizuri. Fungu lake la karafuu alilitia pamoja na akiba ya duka, akapata shilingi milioni 11. Alitaka gari la kuchukulia bidhaa zake. Akasikia habari za Toyota Noah inayouzwa katika mji wa jirani, na mwenye gari akamwambia kwa simu: "Njoo Jumamosi na fedha mkononi. Kuna mteja mwingine, ukichelewa shauri yako."

Alhamisi jioni, barazani penye kahawa, ndugu yetu aliwaambia wenzake kwamba wiki ijayo hatakodi tena gari la mtu. Hakusema zaidi ya hayo. Ijumaa alikwenda benki akatoa fedha zote, akazitia katika sanduku la bati lenye kufuli, akalisukuma uvunguni.

Singida ina upepo mkali, khasa miezi ya kiangazi. Usiku mabati hulia, na mlango usiofungika barabara hugonga-gonga hata watu huzoea. Usiku ule mlango wa jikoni uligonga, mkewe akauliza, naye akajibu: "Ni upepo." Asubuhi sanduku halipo, na simu aliyoiacha juu ya meza haipo. Mbao za mlango zilikuwa zimeoza pale penye komeo, na mtu aliusukuma kwa bega tu. Kilichopona ni milioni nne, kwa kuwa mkewe, bila ya kumwambia mtu, alikuwa amezitoa jioni ile, akazifunga katika kanga na kuzitia ndani ya debe la unga wa mtama.

Hapo ndipo lilipotendeka jambo linalomuuma mpaka leo kuliko fedha. Kulikuwa na kijana wa dukani aliyelala chumba cha uani. Majirani walipokusanyika, mmoja alisema: "Mwizi wa nje hajui uvungu wako." Kijana akapigwa makofi mbele ya watu, na mwenye nyumba hakuwazuia. Polisi walimshika, wakamhoji, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, naye akarudi kijijini kwao bila ya kudai hata mshahara wake. Baada ya wiki kadhaa ile simu ilipatikana, kwa kuwa ndugu yetu alikuwa amehifadhi kikasha chake chenye namba za utambulisho. Aliyekutwa nayo hakuwa na uhusiano wowote na yule kijana. Alikuwa mmoja wa waliokunywa kahawa pale barazani Alhamisi. Fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa na kutumika.

Ndugu yetu alikwenda kijijini kuomba radhi. Baba wa kijana alimkaribisha, akamchinjia kuku, akamsamehe. Kijana mwenyewe hakutoka nje kumwona.

Mtu mwingine angesita hapo. Yeye, kwa kuona haya kwamba watu walikwisha kujua atanunua gari, akataka alipate kwa njia yoyote. Akamwomba dada yake fungu lake la karafuu, milioni tatu, alizokuwa ameziweka kwa kuezeka nyumba yake mabati. Dada akatoa. Dalali mmoja akamletea gari la milioni saba, bei iliyo chini sana kuliko ya magari mengine ya umri ule. Kadi ya gari ilikuwa kivuli, si kadi yenyewe. "Kadi iko kwa watu wa bima," dalali akasema, "nitakuletea Jumatatu."

Jumatatu ile haijafika hata leo. Baada ya miezi miwili na siku kumi na moja walikuja watu wawili pamoja na askari, na hati mkononi. Kadi yenyewe ilikuwa kwa mkopeshaji, imewekwa rehani na mwenye gari wa kwanza, ambaye hakulipa. Gari likachukuliwa. Simu ya dalali haipokelewi.

Wanachama, tazameni vizuri. Aliibiwa mara mbili, na mara zote mbili mlango aliufungua mwenyewe kwa ufunguo wa namna moja: haraka. Haraka ndiyo iliyomtoa benki siku moja kabla ya kuliona gari. Haraka ndiyo iliyompigisha kijana asiye na kosa. Haraka ndiyo iliyomfanya akubali kivuli cha kadi. Basi haya tunayoyaandika hapa chini maana yake ni moja tu: jipe siku.

KWANZA, FEDHA ZENYEWE

Fedha za karafuu huja kwa mkupuo mmoja, na mtaa mzima hujua ni siku gani. Kwa hiyo zisilale nyumbani. Zipelekeni benki, au zitieni katika akaunti ya simu, siku ile ile mnayozipokea. Namba ya siri asiambiwe mtu, hata akijidai kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Mtu mmoja mwaminifu wa nyumbani ajue fedha ziko wapi, na iwepo karatasi ya maandishi, maana kifo hakipigi hodi, na mali isiyojulikana iliko huwapotea warithi.

Gari lilipwe kwa benki, kutoka akaunti ya mnunuzi kwenda akaunti ya muuzaji, na jina la akaunti liwe lile lile lililo katika kadi ya gari. Anayekataa benki na kung'ang'ania fedha mkononi, mwacheni na gari lake.

Tena msinunue gari kwa kutegemea karafuu za mwaka ujao. Mkarafuu una tabia yake: mwaka huu huzaa hata matawi yakainama, mwaka wa pili ukatoa haba. Wazee wetu walijifunza hayo kwa taabu mwezi wa Aprili 1872, dhoruba ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja kwa siku moja. Nasi twashauri hivi: katika fedha ulizonazo, theluthi mbili ziwe bei ya gari, na theluthi moja ibaki kwa ada za kuhamisha umiliki, bima, tairi na matengenezo ya mwanzo. Fedha zikiwa hazigawanyiki hivyo, gari hilo ni kubwa kuliko mfuko wako.

PILI, KARATASI KABLA YA CHUMA

Wanunuzi wengi huanza kwa kupiga teke tairi. Ninyi anzeni kwa karatasi.

Takeni kuiona kadi yenyewe, si kivuli. Linganisheni jina la kadi na kitambulisho cha muuzaji. Linganisheni namba ya chesisi na ya injini zilizo katika kadi na zile zilizogongwa katika chuma cha gari; mkiona pamekwaruzwa, pamechomelewa au pamepakwa rangi mpya, ondokeni. Kisha nendeni pamoja na muuzaji kwenye ofisi ya TRA mkahakikishe kuwa gari ni lake na halina kizuizi. Waulizeni polisi wa usalama barabarani kama lina faini zisizolipwa, au kama limeripotiwa kuibwa.

Mkataba wa kuuziana uandikwe mbele ya wakili, na mashahidi wa pande zote mbili. Umiliki uhamishwe mara moja. Gari lililobaki katika jina la mtu mwingine ni la mtu mwingine, hata kama wewe ndiwe unayelitilia mafuta.

Magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na kwao gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, kwa gharama si ndogo. Wengi huona afadhali kuuza. Gari la namna hiyo huja na hati ya kufutiwa usajili kwao. Takeni kuiona, kwani huonyesha mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kilomita za kwenye dashibodi zisiwadanganye, maana hurudishwa nyuma. Tazameni pedeli ya breki, usukani na kiti cha dereva: gari linalodai kilomita elfu arobaini, na mpira wa pedeli umelika mpaka chuma, husema lenyewe ukweli wake.

Walioko visiwani wanaotaka gari la bara, na walioko bara wanaotaka gari lenye namba za Z, wasikadirie kodi kwa maneno ya dalali. Usajili wa Zanzibar na wa bara una utaratibu wake mbali mbali. Waulize ofisi za kodi za pande zote mbili kabla ya kutoa senti.

TATU, CHUMA CHENYEWE

Nendeni asubuhi, na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kulipasha injini ili liwake vizuri mbele yako, ngoja lipoe. Likiwaka, tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula mafuta ya kulainishia. Mweusi, linachoma petroli au dizeli kupita kiasi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha pata moto, maji yanaingia ndani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha mafuta: ukiona utando kama chai ya maziwa, huenda maji na mafuta yamechanganyika, na hiyo ni kazi ya fedha nyingi.

Ingia chini ya gari na tochi. Gari lililokaa karibu na bahari huliwa na kutu kuanzia chini, na rangi mpya ya juu huficha. Tazama tairi: ubavuni mna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka zilipotengenezwa, mathalan 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani hupasuka hata kama kashata zake zingali nzima. Kisha liendeshe mahali pa mlima na mahali pa mashimo, ujaribu breki, gia na usukani.

Mwisho jiulize njia yako. Gari la chini linalofaa lami ya Chake Chake huenda lisifae njia ya shambani kwako wakati wa masika, wala vumbi na mawe ya Singida. Na bima ndogo haitakulipa gari lako likiibwa. Hiyo hulipa madhara unayowatia wengine. Anayetaka kulindwa na wizi akate bima kubwa.

NNE, NYUMBA

Mwizi wa nyumbani mara nyingi hutafuta palipo wazi, wala hahitaji kuvunja. Kila miezi mitatu zunguka nyumba yako mchana, ujifanye wewe ndiwe mwizi. Sukuma kila mlango kwa bega. Mbao iliyooza penye komeo haifai kutiwa kufuli la bei. Badili mbao kwanza. Mlango unaogonga usiku utengenezwe siku hiyo hiyo, ili ukigonga tena ujue si upepo.

Nondo za dirisha huzuia mwili, hazizuii mti mrefu wenye ndoano. Suruali yenye funguo, mkoba na simu visilale mbele ya dirisha. Ngazi, shoka na mtaimbo visilale uani, kwani mwizi hupenda kutumia zana za mwenye nyumba. Taa ya nje iwake upande wa jikoni, siyo barazani peke yake. Simu, bonyeza *#06# upate namba zake za utambulisho, uziandike daftarini. Ikiibwa utoe taarifa polisi, na kampuni yako ya simu iombwe kuifunga.

Kwa wakulima wenzetu kuna na hili. Karafuu mbichi kiasi cha kilo tatu hutoa kilo moja ya kavu. Basi anayeiba gunia la karafuu kavu ameiba magunia matatu ya jasho la wachumaji. Karafuu zilizoanikwa zisiachwe jamvini usiku, wala zisilindwe na mtoto wa skuli peke yake. Zipimwe kabla ya kuingizwa ghalani, na idadi iandikwe.

Jirani ni bora kuliko kufuli. Huko Utemini watu humjua mwenyekiti wa mtaa wao, kama sisi tunavyomjua Sheha. Mgeni wa kupanga chumba apelekwe akatambulishwe. Ukisafiri, mwambie jirani mmoja, wala usiiambie baraza nzima.

TANO, ANAPOSHUKIWA MTU

Hapa twaomba mtusikilize vizuri. Upande wa magharibi wa Singida, katika nchi za Wanyamwezi na Wasukuma, ndiko walikoanza Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoka na wizi wa ng'ombe. Walisifiwa kwa kupunguza wizi. Walilaumiwa pia kwa kuwapiga watu ambao hatia yao haikuthibitishwa. Hasira ya kuibiwa ni kubwa, na mtu wa karibu, tena maskini, ndiye anayeonekana kwanza. Dini yetu yatukataza kufuata dhana, na sheria ya nchi hairuhusu mtu kuhukumiwa njiani. Ukiibiwa usiguse kitu, usifagie, waite polisi, upewe namba ya RB, umwarifu Sheha au mwenyekiti wa mtaa. Mali huweza kurudi, na isiporudi hutafutwa nyingine. Kijana aliyeaibishwa mbele ya watu hatujui dawa yake.

Ndugu yetu wa Utemini sasa hukodi gari pamoja na wenye maduka wengine wawili, wakagawana nauli. Mlango wa jikoni ni wa chuma. Kila msimu fungu lake la karafuu halimfikii. Huenda moja kwa moja kwa dada yake, mpaka deni liishe. Tulipoagana alitaka kutupa bahasha ya nyongeza tumchukulie. Tulikataa kuichukua mkononi, tukafuatana naye mpaka benki, na tuliporudi tukampelekea dada stakabadhi tu.

Tulimkuta Wete, ameketi barazani kwake, makuti ya paa lake yametiwa viraka upande wa kaskazi. Aliisoma karatasi, akaikunja, akasema: "Mwambieni kaka, asijibane akalala na njaa. Paa limesubiri, litasubiri. Lakini yule kijana, mshahara wake alipelekewa?"

Swali hilo tuliliandika barua siku ile ile. Jibu limekuja: mshahara wote wa kijana amekwisha kupelekewa, mbele ya baba yake na mashahidi.

Mwanachama yeyote anayetaka kununua gari, na aje ofisini na kadi kabla ya kutoa fedha. Tutaisoma pamoja naye, bila ya malipo, na bila ya haraka.

Wasalaam,
Katibu wenu.